Makovu ya Chunusi na Tiba Zake Katika Mizani

Miongoni mwa maswali ambayo tabibu wa ngozi huulizwa siku hizi, hakuna linalorudiwa kwa wingi kuliko lile la tiba iliyo bora kuliko zote kwa makovu ya chunusi, wala hakuna linalojibiwa kwa wepesi zaidi na watu wasiostahiki kulijibu. Matangazo ya kliniki za urembo hujibu kwa jina la mashine, na jirani mwema, ambaye binamu yake alipata nafuu mahali fulani, hujibu kwa jina la mahali hapo. Na wote wameliruka jambo lisilo na budi kutangulia, nalo ni kulitazama kovu lenyewe, kwa kuwa makovu ya chunusi si maradhi mamoja, na tiba iliyo dawa kwa moja yaweza kuwa hasara tupu kwa jingine.

Mwaka 2016 jumuiya ya Cochrane, ambayo kazi yake ni kuyakusanya majaribio ya tiba na kuyapima kwa insafu, ilitoa tathmini ya tiba hizi iliyoandikwa na kundi lililoongozwa na matabibu wa Misri. Walipata majaribio 24 tu yaliyostahili kuhesabiwa, yenye jumla ya watu 789, na baada ya kuyachambua walifikia hukumu ambayo wauza mashine hawapendi kuinukuu, kwamba hapakuwa na ushahidi wa kutosha wa kuitanguliza tiba yoyote mbele ya nyingine. Hukumu hiyo haisemi kwamba tiba zote ni bure, kama wanavyodai wenye kukata tamaa. Nionavyo mimi, inatufundisha kwamba majaribio yenye watu wachache, wenye makovu ya kila namna waliotiwa katika kapu moja na kupewa tiba moja, hayawezi kuzaa jibu la yakini. Na kwa hiyo tabibu hana njia ila kurudi kwenye uso ulio mbele yake na kuupima kovu kwa kovu.

Chunusi huanza katika kifuko cha unyweleo, pale mafuta na seli zilizokufa zinapouziba mlango wake, bakteria wakapata makao, na mwili ukaanzisha vita. Vita hivyo vikifika chini, katika tabaka la ndani lenye nyuzi za kolajeni zinazoipa ngozi uimara wake, kifuko hupasuka, na nyuzi zilizokizunguka huliwa pamoja na adui. Baadaye mwili huja kujenga upya, na hapo ndipo njia zinapoachana: ukijenga pungufu ya kilichobomoka, hubaki shimo, ukijenga kupita kiasi, huinuka kovu gumu, ambalo likivuka mipaka ya jeraha lake huitwa keloidi, na ukijenga sawasawa lakini ukaacha rangi nyingi, hubaki doa jeusi lisilo shimo wala kinundu. Hilo la tatu si kovu, ingawa wenye nalo aghalabu ndio wanaotangulia kuja kuomba tiba ya makovu.

Binti mmoja aliingia chumbani kwangu, akaketi, na kabla sijafungua daftari akasema, “Shikamoo, daktari. Nimekuja kupigwa leza.”

“Marahaba, mwanangu. Leza ya nini?”

“Ya haya makovu. Nimeshachanga fedha.”

Nilimsogeza mbali na dirisha, nikazima taa ya dari, nikawasha tochi na kuishika ubavuni mwa shavu lake, kwa maana mwanga unaomulika uso kutoka mbele hufuta vivuli na kuficha kila shimo, ilhali mwanga wa pembeni haukosi kulionyesha hata bonde dogo. Shavu lilikuwa laini kama alivyozaliwa nalo. Kilichokuwapo ni madoa, mengine ya hudhurungi na mengine yenye weusi wa kijivu, na miongoni mwake chunusi mbili tatu mbichi ambazo zilikuwa zikijiandaa kuacha madoa mapya. Leza aliyokuwa akiichangia ingeyaongeza. Aliondoka na jeli ya asidi ya azelaiki, krimu ya kuzuia jua na maagizo ya kuacha kutumbua, na fedha zake akarudi nazo nyumbani. Na nadhani aliondoka akiwa na shaka kidogo na daktari aliyekataa kumuuzia alichokitaka.

Pale ambapo mashimo yapo kweli, mpangilio unaotumiwa na wengi ni ule uliotolewa mwaka 2001 na Jacob, Dover na Kaminer nchini Marekani, ambao waliyagawa mafungu matatu. Kuna vitundu vyembamba vilivyozama sana, ambavyo mdomo wake haufiki milimita 2 na kina chake hushuka hadi chini ya tabaka la ndani. Kuna mashimo mapana yenye kingo zilizosimama wima na sakafu bapa, ya milimita 1.5 hadi 4. Na kuna mabonde mapana yasiyo na kingo, yenye kuzidi milimita 4, yanayoufanya uso uonekane umeinuka na kushuka kama godoro lililoshonwa vifundo, na sababu ni ile ile ya godoro, yaani nyuzi zilizokaza kutoka chini zinazoivuta ngozi iingie ndani. Kuyatofautisha hakuhitaji chombo cha thamani. Ivute ngozi kwa vidole viwili: bonde litatoweka au kupungua sana, shimo lenye kingo litabaki na umbo lake, na kitundu hakitajali lolote. Aghalabu mtu mmoja huwa nayo yote matatu, vitundu mashavuni karibu na pua, mabonde upande wa taya, na hiyo ndiyo sababu tiba moja peke yake ni nadra kumtosheleza.

Kabla ya kuzipima tiba zenyewe, sharti niseme neno mintarafu ya rangi ya ngozi, kwa kuwa vitabu vingi vya fani hii viliandikwa kwa ajili ya ngozi zisizokuwa zetu. Kipimo cha aina za ngozi tunachokitumia ulimwenguni kote kilibuniwa na Thomas Fitzpatrick wa Boston mwaka 1975, kwa ajili ya kukadiria kiasi cha mwanga wa kutibia maradhi ya ngozi kwa watu weupe. Aina ya tano na ya sita, ambamo wengi wa wasomaji wangu wamo, ziliongezwa baadaye. Ngozi ya aina hizo ina melanini nyingi, na seli zinazoitengeneza ni nyepesi kuhamaki: ukizitia joto, ukizikwaruza au ukiziunguza kwa asidi, hujibu kwa kumwaga rangi, na doa lake laweza kukaa miezi mingi. Kwa hiyo tabibu anayetibu ngozi nyeusi huwa na mizani yenye sahani mbili, moja ya kina cha shimo atakaloliinua na nyingine ya weusi atakaouleta, na mara nyingi anapaswa kuikubali faida ndogo iliyo salama kuliko kubwa iliyo na hatari.

Historia imejaa watu waliopuuza sahani ya pili. Ukwaruzaji wa ngozi kwa vyombo vya kuzunguka, ulioanzishwa na Ernst Kromayer huko Ujerumani mwaka 1905 na kuenezwa na Abner Kurtin wa New York mwaka 1953 kwa brashi ya waya, uliweza kweli kuyasawazisha mashimo ya uso mweupe. Juu ya uso mweusi uliacha mabaka yenye rangi mbili, na mwenye nao akatamani angebaki na makovu yake. Leo hauna nafasi kwetu, na sioni haja ya kukaa nao zaidi.

Tiba ambayo haina budi kujulikana zaidi kuliko inavyojulikana ni ile ya kukata nyuzi chini ya ngozi, iliyoelezwa na David na Norman Orentreich mwaka 1995. Mgonjwa hupigwa ganzi. Sindano yenye ncha bapa, au bomba jembamba lenye ncha butu, huingizwa pembeni mwa bonde na kulazwa chini yake, kisha tabibu huisukuma mbele na nyuma na kuizungusha kwa mwendo wa nusu duara. Mkono huhisi nyuzi zikikataa, na mara nyingine sikio husikia zikikatika kwa mlio mdogo mkavu. Damu inayokusanyika katika nafasi iliyofunguka si ajali, bali ni sehemu ya tiba, kwa kuwa huizuia ngozi isishikwe tena mara moja na kuuchochea mwili utengeneze kolajeni mpya. Uso huvimba na kuvilia kwa wiki moja au mbili, na mtu mwenye harusi Jumamosi asithubutu kufanyiwa Jumanne. Lakini kwa mabonde hakuna leza, hata ya thamani gani, inayofanya kazi hii, kwa maana leza hupiga kutoka juu, na kinacholivuta bonde kiko chini. Na kwa kuwa ngozi ya juu haiguswi ila kwa tundu la sindano, hatari ya weusi ni ndogo kuliko ya tiba zinazoichoma.

Vitundu vyembamba vina dawa yao nyingine, ambayo matabibu wa Korea ya Kusini waliiandika mwaka 2002: asidi ya trikloroasetiki yenye nguvu nyingi, asilimia 65 hata 100, haipakwi usoni, bali hutiwa ndani ya kitundu kimoja kimoja. Chombo chake ni kijiti cha mbao kilichochongwa ncha. Tabibu huchovya ncha, hufuta tone lililozidi, hukanyaga sakafu ya kitundu kwa sekunde chache, na papo hapo kitundu hugeuka cheupe kama chaki. Huo weupe ni protini zilizoganda, na ukiisha kutokea kijiti huondolewa. Baada ya siku chache hufuata gamba, na likianguka, kolajeni mpya huanza kukijaza kitundu kutoka chini, polepole, kwa wiki kadhaa. Kazi hurudiwa kila wiki nne hadi sita, mara tatu au zaidi. Kwa ngozi zetu wengi wetu hupunguza nguvu ya asidi, na hata hivyo doa la muda ni jambo la kawaida ambalo mgonjwa aambiwe mapema. Balaa ni tone lililomwagikia ngozi nzima ya pembeni, kwa kuwa hupanua kitundu badala ya kukifunga. Nayataja haya kwa urefu kwa sababu asidi hii huuzwa mtandaoni katika vichupa vidogo visivyo na cheti, na wapo vijana wanaojitilia wenyewe mbele ya kioo cha bafuni.

Kitundu kilichozama hata asidi isifike, au shimo lenye kingo kali, hukatwa kwa kisu cha mviringo chenye upana wa milimita chache, kisha jeraha hushonwa au sakafu ya shimo huinuliwa hadi usawa wa uso. Ni upasuaji mdogo, huacha alama ya mstari mwembamba, na wenye asili ya keloidi wasiukaribie.

Sasa twende kwenye ikhtilafu kubwa, yaani sindano ndogondogo na leza. Sindano ndogondogo, ziwe juu ya rola au ndani ya kalamu ya umeme, hutoboa uso kwa mamia ya matundu yenye kina cha milimita 1.5 hadi 2.5, baada ya krimu ya ganzi kukaa kwa muda wa karibu saa moja, mpaka damu ichirizike kwa nukta nukta. Na mwili, ukidhani umejeruhiwa zaidi kuliko ulivyojeruhiwa, hutuma mafundi wake. Miongoni mwa walioiendeleza njia hii yumo Mwafrika mwenzetu, Des Fernandes, mpasuaji wa Cape Town. Leza ya vipande, kwa upande wake, ilizaliwa Boston mwaka 2004 katika kazi ya Dieter Manstein na Rox Anderson, ambao walionyesha kwamba mwanga ukigawanywa kuwa nguzo nyembamba zisizoonekana kwa macho, zenye ngozi nzima katikati yake, jeraha hupona kwa siku chache badala ya wiki nyingi zilizohitajika uso ulipounguzwa wote. Leza ya kaboni dayoksaidi, yenye urefu wa mawimbi wa nanomita 10,600, hulenga maji ya ngozi na si melanini, na kwa hoja hiyo wauzaji husema ni salama kwa kila rangi. Hoja ni sahihi, natija yake si sahihi, kwa maana joto halibaki pale lilipotiwa, na joto peke yake latosha kuziamsha seli za rangi.

Nchini Brazili jaribio lililochapishwa mwaka 2016 lilizipambanisha sindano na leza isiyochimba ya nanomita 1,340 kwa wagonjwa wenye mashimo ya chunusi. Pande zote mbili zilipata nafuu, wala haikuonekana tofauti ya maana baina yao. Lakini kati ya waliopigwa leza walikuwapo waliobaki na weusi, na kati ya waliochomwa sindano hakuwapo hata mmoja. Siitaji habari hii ili kuilaani leza, ambayo ile ya kaboni dayoksaidi ina nguvu kuliko hiyo iliyojaribiwa, na ambayo mikononi mwa tabibu mzoefu, ikitumiwa kwa nguzo chache zilizoachana na vikao vilivyopewa nafasi, huyalainisha mashimo yenye kingo vizuri kuliko sindano. Naitaja kwa sababu kikao kimoja cha leza aghalabu hulipia vikao kadhaa vya sindano, na mwenye ngozi nyeusi analipa zaidi ili kununua hatari zaidi, bila ya mtu kumwambia. Ukinishurutisha nichague moja kwa uso wa rangi yangu, nitachagua sindano kwanza, na leza nitaiweka akiba kwa yale yaliyokataa.

Sindano nazo zina hatari ambayo haitokani na rangi bali na uchafu. Mwezi Aprili 2024 kituo cha kudhibiti maradhi cha Marekani kilitoa taarifa ya wanawake walioambukizwa virusi vya Ukimwi katika saluni moja isiyo na leseni huko New Mexico, walikokwenda kuchomwa sindano usoni na kupakwa sehemu ya damu yao wenyewe yenye chembe sahani. Ikiwa yametokea huko, msomaji na apige hesabu ya saluni za uchochoroni ambako rola moja huoshwa kwa spiriti na kumsubiri mteja ajaye. Kichwa cha sindano kifunguliwe kutoka katika karatasi yake mbele ya macho yako, na kikitumika kitupwe. Ama hiyo damu yenyewe, ushahidi kwamba huongeza faida upo, lakini ni dhaifu, na mimi simshauri mtu akope fedha kwa ajili yake. Vijazo vya asidi ya hailuroniki huinua mabonde papo hapo na kuyeyuka baada ya miezi. Vinafaa kwa mwenye uwezo wa kurudia.

Makovu yaliyoinuka, ambayo hupenda taya, kifua na mabega, yamo katika ulimwengu mwingine, na kila nilichokisifu juu hugeuka sumu kwayo. Huko hutiwa sindano ya steroidi ndani ya kovu kila baada ya wiki nne hivi, pengine pamoja na kugandishwa kwa baridi, na hufunikwa kwa jeli ya silikoni. Kulikata peke yake bila ya tiba ya kufuatia ni kulialika lirudi likiwa kubwa.

Yako mambo mawili ambayo huharibu kazi ya tiba zote nilizozitaja. La kwanza ni mkorogo wa kujichubua. Steroidi iliyofichwa ndani yake huikondesha ngozi na kuzaa chunusi zake yenyewe. Zebaki hudhuru figo. Na hidrokwinoni ikitumiwa miaka mingi yaweza kuleta weusi wa kijivu usiotoka, ambao matabibu wa Afrika ya Kusini waliueleza mwaka 1975, na nchi hiyo ikaipiga marufuku katika vipodozi mwaka 1990. Ngozi iliyokondeshwa namna hiyo haiponi vizuri kwa sindano wala asidi, na tabibu mwenye hadhari humtaka mgonjwa auache kabisa na kungoja kwanza. La pili ni kutibu makovu ilhali chunusi zingali zinachemka. Isotretinoini, iliyoruhusiwa Marekani mwaka 1982, ndiyo dawa kali kuliko zote za kuzizima, nayo hulemaza kijusi tumboni, kwa hiyo haipewi mwanamke bila ya kinga madhubuti ya mimba. Zamani tulisema aliyeimaliza angoje miezi 6 hata 12 ndipo aguswe. Wataalamu walioupitia ushahidi mwaka 2017 hawakuona sababu ya kungoja hivyo kwa sindano na maganduo mepesi ya asidi, ingawa ukwaruzaji na leza inayounguza uso mzima vilibaki katika zuio.

Wala mtu asidhani kwamba haya yote yako katika majengo ya vioo peke yake. Chuo cha matabibu wa ngozi kilichoko KCMC mjini Moshi, kilichoanza mwaka 1992, kimewafundisha watu kutoka nchi nyingi za Afrika, na baadhi yao wamo katika hospitali za mikoa ambazo hazina leza lakini zina tochi, ganzi na sindano. Nenda kwao kabla ya kwenda kwa mwenye tangazo. Muulize anayetaka kukutibu kovu lako ni la aina gani. Muulize ametibu nyuso ngapi za rangi yako, na uombe kuziona. Akikuahidi kwamba uso utarudi ulivyokuwa, ondoka, kwa sababu hakuna tiba katika hizi inayofuta. Zinapunguza, na kolajeni huendelea kujengeka kwa miezi 3 hadi 6 baada ya kila kazi, hata hukumu ya mapema haifai.

Na ninyi wazazi mnaomwambia kijana kwamba chunusi ni za ujana na zitakwisha zenyewe: zitakwisha, ndiyo, lakini zitaacha mashimo. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2018, wagonjwa walipakwa nusu ya uso jeli ya adapalini na benzoili peroksaidi kwa miezi 6, na nusu ya pili jeli isiyo na dawa. Upande wenye dawa makovu yalipungua, na upande usio na dawa yaliongezeka. Mpelekeni hospitali mwaka huu, zingali na usaha.